Faili Lisilokwisha

Rafiki yangu Dragica, fundi wa kompyuta kule Coober Pedy, mji wa Australia ambako watu wengi huishi chini ya ardhi, hakai tena peke yake chini ya ardhi, na sababu ni hii.

Alikuwa mjane aliyezoea ukimya. Siku moja aliitwa kwenye kituo kidogo cha redio cha wachimba vito vya opali, kilicho ndani ya mgodi wa zamani. Programu huria ya kusaka virusi ilikuwa haimalizi ukaguzi, na seva, kompyuta kuu ya kituo, ikilemewa matangazo yanakatika.

"Dada, nakuacha kidogo nikalete pai," alisema Alwyn, mtangazaji, alipomfikisha kwenye chumba cha seva. "Usiogope popo, wameshahama!"

Hatua zake zikapotelea juu. Zikabaki feni za seva, zikivuma gizani.

Dragica akasasisha programu, akaipunguzia mzigo, akaiwasha upya. Ikakwama palepale, kwenye faili moja la sauti ambalo kila likikaguliwa lilikuwa limerefuka. Akampigia Alwyn kwa simu ya mezani.

"Nani anarekodi huku?"

"Arekodi kwa kitu gani, dada? Hicho chumba hakina hata maikrofoni!"

Dragica akavaa spika za masikioni, akalifungua faili sehemu ya mwisho, iliyokuwa bado ikijirekodi. Akasikia feni zilezile. Akasikia kiti chake kikilia kila alipojisogeza. Kisha akasikia pumzi, taratibu, karibu mno.

"Ni mimi mwenyewe," akajipa moyo, akabana pumzi ahakikishe.

Pumzi moja ikakatika. Ya pili ikaendelea.