Kiapo cha Bibi Yetu

Mwisho wa mwezi, duka la Urbain katikati ya Durban halina pa kukanyaga. Huyu anataka simu yake itengenezwe, yule anataka kopi, mwingine picha ya pasipoti, na kila mmoja anataka sasa hivi. Gloriose ndiye aliyesimamia mashine ya kuchapa. Alivaa sketi ya kitenge cha njano iliyomkaa vizuri, penseli kaichomeka kwenye nywele, na siku hiyo hakuwa na huruma na mtu.

Mashine ikatema karatasi ambayo hakuielewa. Ilikuwa Kifaransa cha zamani, kimeandikwa kwa mkono, herufi zimelaliana. Akaiinua juu na kuuliza ni ya nani.

"Yangu, mademoiselle," akajibu kijana mrefu mwenye ovaroli la kiwandani, nyuzi za magodoro bado ziko kwenye nyusi zake. "Uishike pole pole. Mwenyewe alikufa miaka mia mbili iliyopita."

"Alikufia kwenye foleni?"

Foleni nzima ikacheka, na kijana akacheka kuliko wote. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, ingawa hakuwa na cha kuchapa.

Jina lake Sébastien, Mkongomani wa Uvira. Kazi yake ilikuwa kushona magodoro kwenye viwanda vya Jacobs, lakini kwao alikuwa mtunza nyaraka wa parokia, na macho yake yalizoea mwandiko wa marehemu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Marekani alimpata kwa mtandao. Bibi huyo alitaka kujua ukoo wa babu yake wa kale, askari aliyeitwa Amable Brisson. Alikuwa Mfaransa wa Kanada aliyevuka mpaka kwenda kuwapiga Waingereza, wakati Marekani ndiyo kwanza inazaliwa. Rejista za ubatizo na ndoa za kina Brisson zilikuwa za Kifaransa, na bibi hakuweza kuzisoma.

Gloriose, Mrundi asiyejua babu yake mwenyewe kazikwa wapi, aliona kazi hiyo ni kichekesho. Lakini alipenda kumwona mwanaume anayefuata jina kwa kidole, taratibu, kama anayetoa mwiba.

"Ukimaliza ukoo wa Mzungu, wa kwako utaanza lini?" alimtania siku moja kwenye simu.

"Wa kwangu unaanza na wewe, chérie."

"Eish. Maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Kwenye rejista za ndoa."

Basi, mtu akishachekeshwa namna hiyo miezi minne, kinachobaki ni kupenda, na Gloriose alipenda bila kubakiza. Jumamosi mchana walikaa kwenye chumba alichopanga Sébastien huko Glenwood, chai mezani, karatasi kitandani. Askari wao aliwasumbua sana, kwa sababu kanisani aliitwa Brisson na jeshini aliitwa Lafleur. Sébastien alipopata mstari mmoja wenye majina yote mawili, alimnyanyua Gloriose na kumzungusha mpaka chai ikamwagika.

"Unaona? Karatasi haidanganyi," Gloriose alisema.

Sébastien akamweka chini na kugeukia dirisha. Gloriose hakuuliza kulikoni. Laiti angeuliza, hadithi hii ingekuwa fupi.

Wiki iliyofuata Sébastien alimtumia dukani mafaili ya kuchapa, na kwa haraka akachanganya. Badala ya ubatizo wa askari, ikatoka karatasi yake mwenyewe ya ukimbizi. Hali ya ndoa: ameoa. Mke: Laurette. Mtoto: Lulu.

Gloriose aliikunja mara nne akaitia mfukoni, akaendelea kuwahudumia watu. Kila picha aliyoikata siku hiyo ilikwenda upande. Simu ya Sébastien ililia mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akaipokea.

"Salamu zangu kwa Laurette," alisema.

Sébastien akajieleza kwa pumzi moja. Miaka minane iliyopita alifika Durban akiwa na mke wa kaka yake Cédric, mwenye mimba. Kwenye dirisha la wakimbizi mkalimani aliuliza huyu mwanamke ni nani, naye akajibu kama ambavyo mtu yeyote wa kwao angejibu: "Ni bibi yetu." Kwao bibi ni mke, na mke wa kaka huitwa hivyo, bibi wa nyumba nzima, kwa heshima tu. Mkalimani hakuwa mtu wa kule. Akaandika mke.

"Durban nzima, kila mwanaume akifumaniwa ana shemeji," Gloriose alisema. "Na kwa nini hukurekebisha?"

"Karatasi yake na ya mtoto zinaning'inia kwangu. Nikijitoa, wanaweza kuanguka."

"Basi waning'inie. Na mimi niache." Akakata, kisha akaenda stoo na kulia katikati ya makasha ya simu mbovu.

Sasa, Sébastien alikuwa amempa yule bibi wa Marekani anwani ya duka kwa ajili ya kuchapa. Siku kumi baadaye lilifika fungu la mwisho, faili la mjane wa askari. Gloriose aliapa kutolisoma. Akalisoma.

Marguerite, mjane wa Brisson, aliomba kiinua mgongo cha marehemu akakataliwa. Vitabu vya jeshi vilimjua Lafleur, mume wake havikumjua. Kwa hiyo majirani walikwenda kwa hakimu mmoja mmoja wakaapa. Mzee mmoja asiyejua kuandika alitia alama ya msalaba. Alisema harusini alikuwepo, anakumbuka kwa sababu mvua ilinyesha na yeye alicheza kwa viatu vya kuazima.

Gloriose aliyarudia maneno hayo mara tatu huku wateja wakisonya. Karatasi ilikuwa imekosea, na vinywa vya watu vikaisahihisha. Yeye alikuwa amemuuliza nani? Jumapili baada ya ibada, akiwa bado na gauni lake la bluu la kanisani, alikwenda Cato Manor, kwenye anwani iliyokuwa kwenye karatasi ile ya ukimbizi.

Laurette alikuwa mlangoni akimsuka mteja. Alimtazama mgeni toka viatuni hadi kichwani. Alipobaki naye peke yake, akasema, "Umekuja kuona bibi ya Sébastien."

"Nimekuja kuuliza, dada."

"Sébastien ni bwana mdogo kwangu, shemeji tu. Analeta unga, anasalimia mtoto, anaenda. Hajalalaka hapa hata siku moja." Akaonyesha picha ukutani, ya mwanaume mwenye paji la uso kama la Sébastien. "Bwana yangu ni huyu. Cédric."

"Yuko wapi?"

"Iko." Laurette akaokota kitana. "Iko kule. Sébastien anasemaka alimuona anaanguka kwa vita. Hakuna mtu alinionyesha kaburi."

Hapo Gloriose akaelewa kile ambacho Sébastien hakukisema kwenye simu. Sébastien alimwona kaka yake akianguka. Alimwambia Laurette, na Laurette alikataa kusikia, mwaka baada ya mwaka. Karatasi ile yenye kosa ilimwita mke, hivyo hakuna ofisi iliyomlazimisha kuandika mjane. Gloriose alikuwa amekuja na maswali mengi, na sasa aliona haya kuuliza hata moja. Aliacha namba yake ya simu, akaondoka akiwa mzito kuliko alivyokuja.

Wiki tatu zikapita. Kisha simu ikalia.

"Jumanne, polisi, pale wanapoapisha watu," Laurette alisema. "Njoo na Kiingereza yako."

Sébastien naye aliitwa. Alifika kutoka Jacobs na ovaroli lake, akamkuta Gloriose kwenye benchi kando ya Laurette. Alipojua wamefuata nini, akamshika Laurette mkono.

"Bibi yetu, hatujui ofisi itasema nini. Wanaweza kukunyima karatasi."

"Hata mimi sijui," Laurette alisema. "Lakini Lulu alijaza fomu ya shule. Baba, akaandika wewe. Nikaona Cédric hana mtoto mahali popote."

Afisa alivuta fomu ya kiapo, akauliza huyu mwanaume ni nani kwake. Laurette akasema polepole, na safari hii mkalimani alikuwa Gloriose, aliyepima kila neno kabla ya kulitoa.

"Mwambie ni mdogo wa bwana yangu." Akasubiri Gloriose atafsiri. "Mwambie bwana yangu aliitwa Cédric." Akamtazama Sébastien. "Alikufaka."

Gloriose alitafsiri. Afisa akaandika neno moja, mjane. Laurette akatia sahihi, akainama juu ya kaunta, na kilio cha miaka minane kikatoka.

Walimtoa nje wakimshikilia huku na huku. Karibu na robot, taa za barabarani, wakisubiri kuvuka, Sébastien alisema bila kumtazama Gloriose, "Sasa niko huru kukuuliza. Utanikubali?"

"Nitakukubali," Gloriose alisema, akiufunga mtandio wake mweusi kichwani mwa Laurette. "Lakini si mwezi huu. Kwanza tuweke matanga. Tumlilie shemeji yangu."