Pembe ya Nyati wa Barafu

Kila Jumamosi ya likizo ya baridi, Baek Iseul aliosha vyombo vya asubuhi, akavaa koti lake nene na kukimbilia ukumbi wa michezo ya kompyuta uliokuwa juu ya duka la dawa, katika mji wa Yeongju. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Mwenye ukumbi aliitwa Ma Okran, lakini watoto wote walimwita Mama Mdogo, naye aliwajua kwa viti vyao na kwa tambi walizopenda. Iseul alipenda za mchuzi wa pilipili, zenye yai juu.

Viti vya dirishani vilikuwa vya kikosi chao. Kiongozi alikuwa Guk Dohyeok, kijana wa sekondari mwenye mabega mapana na hasira za karibu. Kando ya Iseul alikaa Pyo Chanyul, aliyesoma naye darasa moja, mvulana mwembamba mwenye miwani minene. Ndani ya mchezo Chanyul alikuwa mpiga upinde aliyeitwa Mwewe. Iseul alikuwa mganga. Wenzake walipokuwa wakikata na kuchoma, yeye alibonyeza kitufe cha kuwaponya, damu ikakatika, wakasimama tena. Kazi hiyo haina shukrani hata kidogo. Mganga akichelewa anatukanwa, na akiwahi hakuna anayekumbuka kwamba yupo.

Tangu majani yalipoanza kudondoka, kikosi kilikuwa kikimwinda Nyati wa Barafu pangoni mwake. Nyati huyo hudondosha pembe kwa nadra sana, tena moja tu, na asiye na pembe hapiti lango la kaskazini. Atabaki kuzungukazunguka na wanaoanza mpaka achoke. Walikuwa wamekubaliana zamu. Ya kwanza angepewa Dohyeok, kisha Chanyul, kisha ndugu wawili waliokaa nyuma yao. Mganga alikuwa wa mwisho.

Halafu kulikuwa na lile jiwe. Lilichomoza kwenye ukuta wa pango, na mchezo ulikuwa na kasoro mahali hapo: mtu akiruka kutoka kwenye jiwe wakati nyati anakata roho, pembe humwingia yeye mkobani bila wengine kuulizwa. Wachezaji walikwisha kulalamika kwa kampuni mpaka wakachoka. Kila mara walijibiwa kwamba suala linashughulikiwa, na kila mara kasoro ilibaki palepale. Basi Dohyeok akaweka sheria yake.

"Atakayekanyaga jiwe lile," alisema, "mimi na yeye tutakutana nje."

Wote walimwelewa. Vijana wa huko ugomvi wa namna hiyo huuita hyeonpi: mnaachana na skrini, mnatafuta mahali, mnamalizana kwa ngumi za kweli.

Jumamosi moja nyati alipigana kama aliyepagawa. Alimrusha Dohyeok ukutani, akawakanyaga wale ndugu wawili, akamchana Chanyul begani. Iseul alibonyeza na kubonyeza mpaka vidole vikamuuma, na bado alisikia, "We mganga, umelala?" Alikasirika. Katika kumkwepa nyati alijikuta amesimama juu ya jiwe. Mshale wa Chanyul ulizama jichoni mwa mnyama, mnyama akapiga magoti, na kidole cha Iseul kikabonyeza kitufe cha kuruka kabla kichwa chake hakijaamua.

Maandishi yalitokea kwenye skrini zote: Mwewe amepokea Pembe ya Nyati.

Iseul alifungua mkoba wake. Pembe ilikuwemo, nyeupe, inang'aa. Kumbe kasoro ile ilikuwa na kasoro nyingine ndani yake: pembe ilimwingia aliyeruka, lakini jina lililotangazwa lilikuwa la aliyepiga pigo la mwisho.

"We Chanyul!" Dohyeok alivua hedifoni. "Umepanda jiwe?"

"Sijapanda, kaka. Mkobani sina kitu. Njoo uone mwenyewe."

"Umeshaificha kwa mtu! Unaniona mimi mtoto mdogo?"

"Nimempatia nani sasa? Sikuiba, kaka."

"Mwizi na macho yake manne," alisema mmoja wa wale ndugu, na mwenzake akacheka.

Iseul aliangalia tambi zake. Alijiambia kwamba watagombana kidogo, watatulia, naye atairudisha pembe kimyakimya.

"Nyuma ya jengo namba mia na nne," Dohyeok alisema. "Sasa hivi. Au wewe ni kuku?"

Chanyul alikuwa amepauka usoni. "Nakuja," alisema. "Nakuja kwa sababu sikuiba."

Wakatoka wote wanne. Mama Mdogo alipita na kitambaa cha kufutia meza, akakuta viti vitupu.

"Wenzako wameenda wapi?"

"Sijui, Mama Mdogo."

Uongo ulimtoka kirahisi mpaka mwenyewe akashtuka. Mama Mdogo akaanza kufuta meza ya Chanyul, kisha akainua kitu.

"Huyu mtoto kaacha miwani! Ataionaje njia?"

Iseul aliitazama ile miwani. Chanyul aliivua kwa sababu alijua anakwenda kupigwa, na nyumbani kwa bibi yake hakukuwa na nyingine. Bila miwani Chanyul hauoni hata ubao wa darasani. Ngumi ingekuja, naye asingeiona.

"Wako nyuma ya jengo namba mia na nne," Iseul alisema, akisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. "Watampiga, Mama Mdogo! Kosa ni langu. Pembe ninayo mimi!"

Alishuka ngazi mbiombio bila koti.

Nyuma ya jengo, penye mapipa ya kutenganishia taka, theluji ilikuwa imekwisha kuvurugwa. Wale ndugu wawili walisimama pembeni, mmoja akirekodi kwa simu. Chanyul alikuwa amenyoosha mikono mbele, akipapasa hewa kama anayetafuta swichi gizani. Dohyeok alimzunguka na kumpiga sikioni. Chanyul aligeuka upande usio sahihi, na ngumi nyingine ikampata puani.

"Sema umeiba!"

"Sikuiba."

Ngumi ya tumbo ikamkunja. Alianguka juu ya maboksi, akajaribu kuinuka, teke likamrudisha chini.

"Sema tu, yaishe!" alipiga kelele yule mwenye simu, na safari hii sauti yake ilitetemeka.

"Sikuiba," Chanyul alisema tena, mdomo umejaa damu.

"Basi mkono ulioiba utasema." Dohyeok aliinua mguu na kuukanyaga mkono wa kulia wa Chanyul kwa kisigino. Kitu kilivunjika. Iseul alikisikia, na ule ukelele wa Chanyul aliendelea kuusikia kichwani kwa miezi mingi baadaye.

Alijirusha katikati yao, akaukamata mguu wa Dohyeok. Kiwiko cha Dohyeok kikampata mdomoni, akaona nyota, lakini hakuuachia ule mguu.

"Ni mimi! Mwache, ni mimi!"

"Toka hapo! Unamtetea mchumba wako?"

"Nilipanda jiwe nikaruka! Pembe iliniingia mimi, jina likatoka lake. Kafungue mkoba wangu uone! Mwenzio hana kosa lolote!"

Dohyeok alisimama na ngumi hewani. Alimtazama Iseul, akamtazama Chanyul aliyejikunja ameukumbatia mkono wake, na uso ukambadilika. Kisha hasira ikamrudia upya. "Na ulikaa pale unatuangalia tunatoka?" Aliinua tena ngumi, lakini Mama Mdogo alikuwa amekwisha kufika na ndala zake kwenye theluji. Alimshika ukosi wa koti, akamvuta nyuma mpaka akakaa chini.

"Jaribu!" alisema Mama Mdogo, akihema. "Jaribu kumgusa tena mtoto wa mtu! Na wewe mwenye simu, acha kupiga picha, ita gari la wagonjwa!"

Iseul alipiga magoti kando ya Chanyul. Kwenye mchezo angebonyeza kitufe na damu ingekatika. Hapa aliibana kwa kitambaa cha shingoni, kikalowa, akakigeuza, kikalowa tena. Alilia kwa sauti bila kumwonea mtu aibu.

Vidole viwili vilivunjika, na pua. Jioni hiyo, pembe ilipotoka kwenye mkoba wa Iseul na kuingia kwenye hazina ya kikosi, ilihama papo hapo alipobonyeza. Vidole havikurudi hivyo. Iseul na wazazi wake walikwenda hospitali, naye akapiga magoti mbele ya bibi yake Chanyul. Bibi hakumwinua upesi.

"Mjukuu wangu aliona afadhali avunjwe mkono kuliko kukubali wizi," bibi alisema hatimaye. "Wewe neno moja tu lilikushinda?"

Dohyeok naye aliletwa na baba yake, wakainama wote wawili mpaka kiunoni. Suala lake lilipelekwa kwenye kamati ya shule, na Mama Mdogo alimfungia mlango wa ukumbi. Wale ndugu wawili waliadhibiwa kwa kutazama na kurekodi.

Siku Chanyul alipotoka hospitalini, Mama Mdogo alikaa na Iseul kwenye benchi la korido.

"Sikiliza, mwanangu. Ile kasoro ya mchezo ni ya kampuni, na kampuni ikitaka isiitengeneze hata miaka kumi. Tundu likiwa wazi, wewe ndiye unayeamua kupita au kutopita. Ulikosea kupita. Lakini kilichomvunja mwenzio vidole ni kule kukaa kimya. Ungesema palepale, ungetukanwa, yangekwisha. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajalipa."

"Ndiyo, Mama Mdogo."

"Na Dohyeok asijifiche nyuma yako. Aliyekanyaga mkono ni yeye."

Likizo yote iliyobaki Iseul alimbebea Chanyul begi la masomo ya ziada na kumwandikia. Mwanzoni Chanyul hakumsemesha. Baadaye alianza kumkosoa mwandiko wake.

Miti ilipoanza kuchanua, bandeji zilitolewa. Kidole kimoja kilikuwa kimepinda na hakikunyooka tena. Chanyul alirudi kwenye kiti cha dirishani, na kikosi, sasa bila Dohyeok, kikaingia pangoni. Jiwe lilikuwa palepale. Kampuni ilikuwa bado inashughulikia.

Nyati alianza kuyumba. Chanyul alivuta upinde, kisha akasita.

"Iseul, uko wapi?"

"Mlangoni mwa pango, mbali na jiwe. Unaniona?"

Chanyul aliisukuma miwani yake juu kwa kile kidole kilichopinda, akaitazama skrini kwa muda.

"Nakuona," alisema, akaachia mshale.