Pori Lililokuwa na Watu

Kila asubuhi Sindano alivuka mfereji pamoja na mama yake. Mama alikwenda kufua na kupiga pasi katika nyumba kubwa za mtaa wa juu, yeye alikwenda shule ya mtaa huohuo. Jina la Sindano alipewa kwa wembamba wake na alishalizoea. Alichokichukia ni kuulizwa anakaa wapi.

Huko juu barabara zilikuwa pana na miti ilikatwa vizuri kama imetoka kwa kinyozi. Bondeni kwao, bibi akipiga chafya, jirani wa nyumba ya tatu aliitikia, "Afya!"

Siku moja mwalimu wa historia aliwapa kazi. "Waulizeni wazee mtaa huu ulianzaje. Insha bora itachongwa kwenye jiwe, litakalowekwa langoni mwa mtaa."

Sindano hakuwa na haja ya kuuliza. Bibi alishamsimulia mpaka masikio yakachoka. Huko juu palikuwa na kijiji, kaya arobaini, mashamba ya mihogo na kisima alichochimba babu. Wakaja wapimaji na kamba zao. Wanakijiji wakaambiwa washuke bondeni kwa muda. Zikajengwa nyumba za mabosi, ikaja lami, yakaja maghorofa, mwisho ukaja ukuta. Ule muda haujaisha mpaka leo.

Lakini aliandika hayo? Wapi! Aliona aibu wenzake wajue kwamba watu wake waliswagwa kama kuku. Akaandika: "Zamani hapa palikuwa pori tupu. Hapakuwa na mtu, ila nyani."

Alipoisoma, darasa zima lilicheka. Safari hii hawakumcheka yeye, walicheka pamoja naye. Raha iliyoje!

Insha ikashinda. Mwenyekiti wa wakazi alikuja shuleni kumpa mkono, akasema jiwe litazinduliwa Ijumaa mbele ya wageni.

Nyumbani mama alipiga vigelegele. Bibi akajisogeza kwenye mkeka. "Hebu soma nisikie, mke mwenzangu," akatania, kama alivyozoea.

Sindano akasoma. Sauti ikawa inapungua kwa kila neno. Alipomaliza, bibi akauliza taratibu, "Kwa hiyo nyani ndiye mimi?"

"Bibi, mimi sikuwa na maana..."

"Na babu yako aliyechimba kisima, naye nyani?"

Bibi alijifunika khanga, akageukia ukutani. Chakula hakukigusa.

Alhamisi Sindano alitoka nyumbani mbio. Langoni alimkuta fundi wa mawe amechuchumaa, patasi mkononi. Mstari wa kwanza ulishachongwa wote. Pori tupu, nyani, kila kitu.

"Fundi, simama! Hayo ni uongo!"

"Mwanangu, mimi nachonga nilichopewa. Mwenye jiwe ni mwenyekiti."

Akamkimbilia mwenyekiti, aliyekuwa anaingia garini. "Mzee, ile insha..."

"Nzuri sana ile! Usione haya kusifiwa, binti." Kioo kikapanda, gari likaondoka.

Sindano alibaki barabarani, mikono inaning'inia. Nyuma yake patasi iligonga jiwe, ko, ko, ko. Alitamani kuliziba jiwe kwa viganja. Lakini viganja vya mtoto wa darasa la sita vinaziba nini?

Akaenda kwa mwalimu, akalia mpaka kamasi. "Nilidanganya, mwalimu. Bibi yangu alizaliwa hapa."

Mwalimu alivua miwani. "Na mimi nikakusahihisha kwa kalamu nyekundu bila kuuliza. Twende."

Jioni walimpata mwenyekiti palepale langoni, anakagua kazi.

"Mwalimu, jiwe halina raba," alisema. "Wageni wanakuja kesho. Nani atajali habari za zamani?"

Sindano akasogea mbele. "Mzee, kesho wakiniita nisome, nitawaambia nilidanganya."

"Mbele ya wageni?"

"Ndiyo, mzee. Sina lingine la kufanya."

Mwenyekiti alimtazama mwalimu, naye mwalimu akatazama pembeni. Fundi akakohoa. "Bosi, upande wa nyuma sijaugusa. Tunaligeuza, huu unaelekea ukutani. Nipeni maneno tu, nitamaliza kabla hawajafika."

Mwenyekiti akajifuta jasho. "Geuza. Lakini yawe machache."

Ijumaa asubuhi, kabla wageni hawajafika, Sindano alimshika bibi mkono wakapanda kutoka bondeni. Mlinzi akawazuia na daftari la wageni.

"Bibi, unaenda kwa nani?"

Bibi alizitazama kuta, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja aliyoijua. "Andika hivyohivyo, bila jina la mtu," alisema.

Kwenye jiwe palisomeka: "Hapa palikuwa na kijiji cha kaya arobaini. Watu wake walihamishiwa bondeni." Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo Sindano alimsomea, mara mbili. Bibi akapitisha kidole kwenye herufi, polepole, kama anayetafuta mwiba.

"Nisamehe, bibi."

"Nilikusamehe jana, uliporudi ukanisimulia yote. Sikiliza. Nyumba yangu hukuivunja wewe, wala huwezi kunirudishia. Mimi mwenyewe nilishindwa, na nilikuwa na nguvu kukuzidi. Waliponihamisha walichukua shamba, wakachukua kisima. Kilichobaki ni ukweli kwamba tulikuwepo, na huo nilikupa wewe. Usiutupe tena ili watu wacheke. Ukitupwa na wa nyumbani, nani atauokota?"

"Sitautupa, bibi."

"Haya. Sasa nishike, nikuonyeshe kisima kilikuwa wapi."

Wakatembea kando ya ukuta mrefu, bibi akihesabu hatua kwa sauti, mpaka akasimama mbele ya geti la chuma lililofungwa.

"Humu ndani," alisema.