Nguzo Fupi ya Pampu

Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, wanawake wa kijiji cha Gesariko, upande wa Genkuru, walilalamika kwamba maji yanatoka bombani kwa shida. Ndoo kumi na saba zilikuwa zimeshapelekwa majumbani, na kwingine chai ilikuwa imeshanywewa. Fundi akapanda tenki la zege, akafungua komeo la mfuniko, akaona kanga. Bomba la kutolea maji lilikuwa limezibwa na mwili wa Agustina, mhasibu wa kamati ya maji.

Inspekta Theodosia alifika saa mbili na nusu. Alikuwa Mhaya, mwaka wake wa tatu wa kazi wilayani Tarime. Aliangalia mikono ya marehemu: kucha karibu zote zilikuwa zimevunjika. Kisha akapanda ngazi, akaona upande wa ndani wa mfuniko umekwaruzwa. Agustina alitumbukizwa akiwa hai, na komeo likafungwa kwa nje. Daktari alikadiria kwamba alikufa Alhamisi, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni.

Kabla Theodosia hajamaliza kuandika, sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa wameshampata mshukiwa wao. Nchagwa, mume wa marehemu, alijulikana kwa kumpiga mkewe. Judith, katibu wa kamati na rafiki wa Agustina tangu darasa la kwanza, aliwaambia kwamba Nchagwa alikuwa ameapa kumuua. Polisi walipofika nyuma ya mashine ya kusaga, walikokuwa wamempeleka, miguu yote miwili ya Nchagwa ilikuwa imevunjwa. Alisema Alhamisi alikuwa Busawe akiuza ng'ombe na akalala huko. Theodosia alipiga simu, na watu watatu wakathibitisha.

Saa nane mchana alikaa na viongozi wa kamati ofisini. Alimwamkia mwenyekiti, mzee Mogesi, akamwuliza ni nani anatia sahihi hundi.

"Mimi na Judith," alisema mzee. "Lakini macho yangu ni mabovu, binti yangu. Natia sahihi pale Judith anapoweka kidole."

Theodosia aliandika jina la mzee na kulipigia mstari. Ukutani ilibandikwa karatasi ya matumizi ambayo Agustina alikuwa ameichapisha Jumatano kwa ajili ya mkutano wa wanakijiji wa Jumamosi. Ilikuwa chati ya duara yenye vipande vinne: mabomba asilimia 44, pampu 23, vibarua 23, usafiri 10.

Judith alikuwa ameshalia mpaka sauti imekauka. Alisema mara ya mwisho alimwona Agustina hiyo Jumatano. Kuhusu fedha, alisema hakuna wasiwasi wowote.

"Hazijaisha. Hata fungu la pampu tumetumia asilimia arobaini na moja tu. Zilizobaki ziko benki."

Theodosia aliandika, kisha akatazama ukutani. Mtu mwenye msiba anaweza kukosea namba.

Jumamosi Nchagwa alikufa hospitalini. Saa moja kabla, alimwambia Theodosia kwamba kompyuta ya mkewe huwa chini ya gunia la mtama, chumbani. Hakuomba kitu.

Theodosia aliifungua Jumapili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na lile duara. Alilitazama kwa muda kabla hajaona kasoro yake. Lilionyesha tu jinsi fedha zilizotumika zilivyogawanywa. Duara la namna hiyo hufika mia hata kama nusu ya bajeti imeibwa, kwa sababu fedha isiyo na risiti haina kipande.

Ukurasa wa pili ulitengenezwa Alhamisi, saa nane na dakika hamsini mchana. Hapo Agustina alilinganisha kila fungu na bajeti yake, akachora nguzo nne. Vibarua 100, mabomba 98, usafiri 90. Nguzo ya pampu ilikuwa fupi, haifiki nusu: asilimia 41. Kati ya milioni hamsini, risiti zilikuwa za milioni ishirini na nusu. Ukurasa huo haukuchapishwa, wala haukutumwa kwa mtu yeyote.

Jumatatu asubuhi benki ilijibu. Akaunti ya kamati ilibaki na milioni moja na laki nane.

Saa tano Theodosia aliingia kwa Judith, akiwa na mzee Mogesi na askari wawili. Judith alikuwa mkekani, anamsuka Gift, binti wa Agustina mwenye miaka sita, aliyemchukua siku ya mazishi. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari. Theodosia aliomba mtoto aende jikoni.

"Arobaini na moja uliipata wapi?" aliuliza.

"Si iko ukutani."

"Ukutani pampu ni ishirini na tatu. Arobaini na moja iko kwenye kompyuta ya Agustina, na ilianza kuwepo Alhamisi mchana. Wewe ulisema hukumwona tangu Jumatano."

Judith aliviringisha uzi wa kusukia kwenye kidole. Alipoanza kusema, alisema bila kulia. Milioni ishirini na tisa na nusu alizitoa kwa hundi alizomwekea mzee Mogesi kidole, akanunua mawe ya dhahabu kwenye machimbo ya Matongo. Yaliposagwa hayakutoa kitu.

"Agustina alikuita mwenyewe?"

"Aliniita Alhamisi, akanionyesha ile nguzo ya pampu. Alisema huenda kuna risiti nimesahau kumpa, tuitafute kabla ya mkutano, watu wasije wakanifikiria vibaya." Aliukaza uzi. "Nikamwambia twende kwenye tenki, nimwonyeshe pampu."

"Aligonga kwa muda gani?"

"Sijui. Nilikaa juu ya mfuniko mpaka akaacha."

Mzee Mogesi alitoka nje. Theodosia aliuliza kuhusu Nchagwa.

"Yule alikuwa anampiga," alisema Judith. "Nilijua wataamini."

Alipofungwa pingu aliomba amalizie kwanza nywele za mtoto. Theodosia alikataa. Gift alitoka jikoni aliposikia gari likiwashwa, akaishika sketi ya Judith kwa mikono miwili, akimwita mama mdogo, akiuliza nani atabaki naye. Askari mmoja alichuchumaa, akaanza kumbandua kidole kimoja kimoja.