Kura Ambayo Mheshimiwa Hakupiga

Soko kuu la Sumbawanga asubuhi ya Jumamosi halina adabu. Usipokanyagwa utasukumwa, na kama bado hujasukumwa, ujue hujafika kwenye samaki. Epifania alikuwa amefika. Alijifunga kitenge cha rangi ya chungwa juu ya suruali ya jinzi na kuvaa sweta zito la kijani, maana baridi ya huku kwetu haijali kwamba wewe ni mrembo. Mkononi alishika mgebuka mkavu, akamnusa na kukunja uso.

"Huyu ni wa wiki iliyopita, mama," alimwambia muuzaji. "Tusidanganyane."

Mwanamume aliyekuwa ameinamia dagaa akainuka ghafla. Alikuwa mrefu, koti la suti la kijivu juu, mabuti ya mpira yaliyojaa matope chini, utadhani watu wawili wameazimana mwili.

"Hiyo 'tusidanganyane' naijua!" akasema. "Wewe si dada wa redioni? Wa Mbunge Wetu Wiki Hii?"

Watu wakageuka. Ni nani asiyemjua? Kila Ijumaa jioni Epifania aliuambia mji mzima mbunge wetu, Mheshimiwa Ignasi, amefanya nini kule Dodoma: ameuliza swali gani, amechangia hoja gani, amepiga kura vipi. Alisikiliza vikao vyote, akasoma taarifa rasmi za Bunge ukurasa kwa ukurasa, na hakuongeza chumvi. Baba yake, Mzee Timoth, mkulima wa ulezi kule Pito, alikuwa radhi uji umwagike kuliko kukosa kipindi cha binti yake.

"Ndiye mimi. Na wewe nani?"

"Valerian. Katibu wa mbunge." Akatabasamu. "Wiki iliyopita ulisema Mheshimiwa aliuliza swali moja la nyongeza, kisha akatumia muda wote uliobaki kushukuru. Swali lile niliandika mimi."

"Ndiyo maana lilikuwa refu hivyo! Spika alimkatisha katikati."

"Lilikuwa zuri lakini."

"Zuri ni mpaka lijibiwe, kaka yangu."

Valerian akacheka kwa moyo wote, meno yote nje. Na hapo, mbele ya mama wa samaki aliyekuwa anasubiri pesa yake, Epifania akajisikia vibaya kwa namna nzuri sana. Alinunua mgebuka yule yule aliyemkataa. Namba ya simu akaitoa kwa kujifanya hataki.

Basi yakaanza. Simu asubuhi, simu mchana, simu jioni.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Ugali wa ulezi na maharage."

"Bila mimi, mpenzi?"

"Ungekuwepo yangebaki?"

Mwezi wa Aprili Valerian akampeleka kwa mama yake, kijijini Mpui. Epifania akasaidia kupika, akasifiwa mkono wake, akarudi mjini na mfuko wa maharage na sura ya mtu aliyefaulu mtihani. Lakini kichwani hakutulia. Mtu anayehesabu maneno ya mbunge anampenda mtu anayeyaandika. Hilo linaishia wapi? Wakawekeana sharti moja: wakiwa wawili, hakuna Bunge. Kazi ya kila mtu ibaki kazini kwake. Sharti lilikuwa zuri na likadumu mpaka Juni.

Juni ndiyo bajeti. Siku ya kuipigia kura, wabunge huitwa kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja husema ndiyo au hapana nchi nzima ikisikia. Siku hiyo hakuna pa kujificha. Epifania alikuwa amejifungia studio, vipokea sauti masikioni, upepo wa kiangazi ukigonga mabati kama mdai.

Jina la Mheshimiwa Ignasi likaitwa. Kimya. Mwishoni likarudiwa pamoja na ya wengine waliokosekana. Kimya.

Simu yake ikatetemeka. Valerian. Picha.

*Kasanga inakusalimu, mpenzi wangu. Ziwa limetulia, wewe tu ndiye umekosekana.*

Alikuwa amevaa shati la maua, amependeza mpaka inaudhi. Nyuma yake, kwenye gati la Ziwa Tanganyika, kulikuwa na boti kubwa mpya ya mizigo, imepambwa kwa riboni. Na nyuma ya bega lake, kofia nyeupe kichwani, ubavu wa mbuzi mkononi, anacheka, alikuwa Mheshimiwa Ignasi mwenyewe.

Epifania hakuwa amemaliza kushangaa, meneja wake, Steven, akaingia na taarifa iliyotumwa redioni dakika hiyo hiyo. Mheshimiwa yuko Dodoma kitandani, anaumwa kifua, ndiyo maana hakupiga kura. Anaomba dua za wananchi wake. Imetolewa na Valerian, katibu wa mbunge.

Akampigia pale pale.

"Vale, bosi wako anaumwa?"

Ngoma zilisikika kwa mbali. "Epi, hiyo ni kazi tu. Rafiki yake anazindua boti, hakuweza kukataa. Tulisema hakuna Bunge kati yetu."

"Basi ungenitumia picha isiyo na Bunge ndani!"

"Sikumwona nyuma yangu, wallahi. Nilikuwa nakuwaza wewe." Sauti ikashuka. "Mpenzi, nakuomba. Hayo nimekuambia wewe. Sikuiambia redio."

Epifania akafumba macho. Alikuwa na hasira, na alikuwa anampenda.

"Nitasema hakuwepo, kwa sababu hakuwepo," akasema. "Zaidi ya hapo sisemi. Nakuahidi."

Na angetimiza. Mimi namtetea hapo: angetimiza. Ijumaa alisoma habari zake kwa sauti kavu, akafika kwenye kura, akasema mbunge wetu hakuwepo na ofisi yake imeeleza kwamba anaumwa. Kisha simu ya studio ikaita, na aliyepiga akawa Mheshimiwa mwenyewe, anakohoa.

"Binti yangu," akasema, kho, kho, "kabla ya kuhesabu kura za wagonjwa, jifunze kwanza kuuliza hali. Sisi tunaumia kwa ajili yenu. Ninyi vijana mnakaa kwenye kiti cha kuzunguka, mnahukumu watu wazima."

Ulimi ukamponyoka Epifania.

"Pole sana, Mheshimiwa. Upepo wa ziwani haufai kwa kifua. Boti ya Kasanga lakini ilizinduliwa salama?"

Kikohozi kikapona hapo hapo. Simu ikakatwa. Mjini watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Walioketi baa wakagonga meza. Epifania peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa amekwisha kuelewa amefanya nini.

Valerian alimpigia kabla giza halijaingia.

"Amenifukuza," akasema. "Anajua tuko pamoja."

"Vale..."

"Sililii kazi, Epi. Kazi zipo. Nalilia kwamba nilifungua moyo kwako, ukaufanya kichekesho cha Ijumaa."

"Na wewe uliwaandikia watu wote uongo! Nikae naucheka pembeni na wewe?"

"Ndiyo, niliandika uongo. Hilo ni langu. Na ahadi ilikuwa ya nani?"

Valerian akakata simu, na huyo mwanamume aliyekuwa akipiga mara tatu kwa siku hakupiga tena.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya. Epifania alikuwa haketi akatulia. Chai aliimimina akaisahau, nywele alizisuka akazifumua. Alishika simu, akaandika *samahani*, akafuta. Samahani ya kuandika aliionea aibu. Huko Mpui, Valerian alikuwa akivuna mahindi ya mama yake, anayarusha kwenye gunia kana kwamba yamemkosea. Mama alimuuliza mara moja, "Yule binti, mko salama naye?" Akajibu kwa mkato kwamba mahindi mwaka huu yamekubali.

Mheshimiwa naye hakukaa bure. Alimtishia Steven kwamba ataishtaki redio kwa kumchafulia jina. Jumatano Steven akamwita Epifania ofisini, jasho linamtoka na baridi yote ile.

"Una ushahidi kwamba alikuwa Kasanga?"

"Ninao."

"Utoe basi, tupone!"

"Si wangu."

"Si wako ni wa nani? Epifania, mimi nina watu wanaonitegemea. Usipoutoa, Ijumaa utasoma hii barua ya kuomba radhi, utasema ulikosea, na kipindi kinakufa hapo hapo. Unanielewa?"

Alimwelewa sana. Kipindi kile alikianzisha yeye, akapigania kila dakika yake. Picha ilikuwa mfukoni mwake, angeitoa kwa kidole kimoja. Lakini ilikuwa imetumwa na mtu anayempenda, siku aliyokuwa na furaha, na alishamwibia mara moja. Akaichukua barua, akatoka nje, akalia kwenye upepo.

Alhamisi Mheshimiwa alimpigia Valerian. Sauti laini, ya baba.

"Kijana wangu, hasira zimenipoa. Kesho piga simu kwenye kile kipindi. Sema ulikuwa unamtania mchumba wako, Kasanga ulikwenda peke yako, mimi nilikuwa kitandani. Jumatatu unarudi ofisini, na mshahara tunautazama upya."

Valerian hakulala vizuri. Kazi ile ndiyo iliyomvalisha suti, ndiyo iliyomfanya mama yake aitwe mama wa katibu. Na kilichomsumbua zaidi ni kwamba picha ilikuwa haijatoka. Aliitarajia Jumatatu, akaitarajia Jumanne. Ijumaa ilifika, na picha ile ilikuwa bado kwa Epifania peke yake.

Saa kumi na mbili jioni kipindi kikaanza. Epifania alivaa gauni jeusi lenye kola nyeupe, kama anayekwenda msibani. Steven alisimama nyuma ya kioo, anatafuna kucha.

"Ndugu wasikilizaji," Epifania akaanza, "nimepewa barua ya kusoma. Inasema nilikosea kuhusu mbunge wetu. Siisomi. Sikukosea. Lakini ushahidi wa kuwaonyesha sitautoa, kwa sababu niliupata kwa mtu aliyeniamini. Redio haiwezi kusema jambo isiloweza kulionyesha. Kwa hiyo kipindi hiki..."

Taa ya simu ikawaka. Mkono ukatangulia akili.

"Uko hewani."

"Naitwa Valerian. Napiga kutoka Mpui."

Epifania akashika ukingo wa meza. Sauti ile hakuisikia wiki nzima, na hakujua imekuja kumzika au kumfufua.

"Wiki iliyopita nilikuwa katibu wa mbunge," Valerian akaendelea. "Ile taarifa kwamba anaumwa niliiandika mimi, kwa simu yangu, nikiwa nimesimama Kasanga, naye yuko nyuma yangu anakula nyama. Hakuwa mgonjwa. Jana ameniomba niwaambie vingine, anirudishe kazini. Ushahidi ambao dada amekataa kuutoa ni wangu, na leo nautoa mwenyewe. Mnisamehe kwa kuwadanganya. Basi, ni hayo tu."

Steven akaingia kwa kunyata, akaichukua ile barua mezani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Asante, Valerian," Epifania akasema hatimaye. "Sasa tuendelee. Wiki hii bungeni..." Akaendelea mpaka mwisho, sauti yake ikiwa imara na machozi yanashuka kwenye kola nyeupe.

Kesho yake asubuhi alipanda gari la Mpui. Alimkuta shambani, fulana imechanika bega, mabua hadi kwenye nywele. Wakatazamana. Mama akakumbuka ana maji jikoni, akaondoka haraka kuliko umri wake.

"Samahani, Vale," Epifania akasema. "Niliivunja ahadi kwa hasira. Mheshimiwa alinichokoza, nikakupiga wewe."

"Nami nilikupa siri nikataka uibebe pamoja na uongo wangu. Ulikuwa mzigo mzito huo. Samahani."

"Nakupenda. Lakini siwezi kukuahidi tena kunyamaza. Najijua."

"Basi nitatafuta kazi isiyohitaji wewe unyamaze."

Epifania akamtoa jani la hindi begani, na wote wawili wakacheka, cheko la watu waliochoka. Akamshika mkono. Mkono wa Valerian ulikuwa umekwaruzika na ulikuwa wa moto.

Simu ya Epifania ikaita. Baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Yule kijana aliyepiga simu jana kutoka Mpui. Ndiye yule unayemficha?"

Epifania akamtazama Valerian. "Ndiye, baba."

"Hm," akasema Mzee Timoth. "Mwambie asiharakishe kutuma mshenga. Kwanza aje Pito mwenyewe, akae mbele yangu nimwone. Jumapili ijayo baada ya misa." Akakata, kama kawaida yake.

Valerian alikuwa amesikia yote. Akajipangusa mikono kwenye suruali, mara mbili, mara tatu, kana kwamba Jumapili imeshafika.

"Epi, akiniuliza nafanya kazi gani nitamjibu nini?"

"Mwambie huna kazi."

"Halafu?"

"Halafu mwambie umeipoteza vipi."