Wasiohesabiwa Dirishani

Jumatatu ya kwanza ya mwezi, foleni ya posta ilianzia dirishani, ikazunguka nguzo ya katikati, ikamwagika mpaka barazani. Sindano alikuwa amesimama kwenye nguzo, kifurushi cha magauni matatu ya mteja wa mbali kimebanwa kwapani, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda kilichotazamana na posta, na mtaa haukumpa jina hilo kwa sababu ya kazi peke yake. Ulimi wake nao ulitoboa.

Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, shati la samawati limepigwa pasi likanyooka, mkono mmoja mfukoni. Kila mtu alipofika dirishani, mfuko ule ulilia: ka.

Sindano alivumilia mara kumi.

"Kaka, samahani," akasema. "Umefuga panzi mfukoni?"

Mwanamume akageuka. Alikuwa na macho ya mtu aliyekamatwa, kisha akacheka. "Ni kalamu tu. Nikisimama sana mkono unatafuta kazi."

"Na hicho kifungo cha pili nacho kinatafuta kazi? Kinaning'inia kama jino la mtoto."

Akajitazama kifuani. "Unamjua fundi hapa karibu?"

"Namjua mmoja. Lakini ana maneno."

"Maneno nayaweza."

"Wote husema hivyo."

Alasiri alikuwa kibandani. Sindano hakumvua shati. Alilishona likiwa mwilini, uzi mdomoni, sikio karibu na kifua chake, akamwambia asipumue. Hakupumua. Alipoondoka, kibanda kizima kilibaki kinanukia sabuni yake, na mteja aliyekuja kuchukua sketi alilazimika kuita mara tatu.

Wiki tatu zilizofuata zilipita kama kitambaa laini chini ya sindano ya mashine. Mwanamume alisema kazi yake ni kuhesabu vitu na kuandika ripoti, naye Sindano akambatiza Bwana Hesabu. Walikula mchana pamoja kwenye benchi la nyuma ya kibanda. Asipokuja, alipiga simu.

"Umekula, Bwana Hesabu?"

"Nimekula, lakini hakikushuka. Hakikuwa na maneno ndani yake."

"Njoo basi nikutilie pilipili."

"Sindano wangu, wewe utaniua."

"Nikuue, nani anihesabie wateja?"

Kisha likaja tangazo.

Alilibandika Mama Stempu mwenyewe, karani aliyekaa kwenye dirisha lile miaka ishirini na miwili na kujua mwandiko wa nusu ya mtaa. Alilibandika mlangoni kwa gundi, akalinyoosha kwa kiganja, halafu akaketi kwenye ngazi kama mtu aliyekatwa miguu. Tawi lingefungwa baada ya siku arobaini na tano kwa sababu ya uchache wa wateja. Masanduku ya barua yangehamishiwa posta kuu, ng'ambo ya pili ya jiji, magari mawili kwenda na mawili kurudi. Mwenye maoni ayatoe kwenye mkutano wa hadhara, ukumbi wa shule, baada ya wiki tatu.

"Uchache gani?" Sindano alifoka. "Mimi kila siku nasukumwa humo ndani!"

"Wamehesabu, mwanangu," Mama Stempu akasema. "Wanasema wamehesabu."

Siku hiyo hiyo kibanda kikageuka makao makuu. Kinyozi wa jirani alizungusha daftari la sahihi kwa kila kichwa alichonyoa. Mtu akitaka kuinuka kitini, sharti asaini kwanza. Mama mmoja aliyekuwa akipokea dawa zake za moyo kwa posta alikuja na wanawake wa ghorofa nzima. Sindano akashusha pazia lake la bluu, akalikata bango, akalishonea herufi nyeupe kubwa: POSTA YETU HAING'OKI.

Bwana Hesabu alimshikia kitambaa. Macho yake hayakutoka sakafuni.

"Mbona kama umemeza mfupa?"

"Nimechoka tu."

"Mkutanoni utakuja?"

Akakunja ncha ya kitambaa. "Nitakuwepo."

Lakini Sindano naye alikuwa na lake moyoni. Bango lile alilishona kwa hasira isiyokuwa ya mtaa peke yake. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, alivuka barabara kabla watu hawajajaa, akafungua sanduku la barua la familia kwa ufunguo mdogo, akatoa bahasha moja, akaificha kifuani. Nyumbani mama yake alikuwa akiingoja dirishani, amekwisha kuvaa miwani. Mtaa mzima ulijua kwamba kaka yake Sindano yuko ng'ambo kikazi. Ulijua hivyo kwa sababu ndivyo mama na binti walivyousimulia, kwa miaka minne.

Alhamisi moja baada ya tangazo Bwana Hesabu alitokea ghafla mlangoni pa kibanda, na bahasha ilikuwa mezani.

"Ya nani?"

"Ya kaka. Nilikwambia yuko ng'ambo."

Akaitazama mara moja tu. "Stempu hii ni ya humu humu nchini. Na muhuri pia. Imetoka mji wa mbali, siku tano zilizopita."

Sindano akaifunika kwa kiganja. "Tangu lini umekuwa bingwa wa mihuri?"

"Usibadilishe maneno. Nani anakuandikia?"

"Nimekwambia, kaka yangu."

"Unaificha kifuani kama hirizi. Nimekuona mara mbili. Mtu hafichi barua ya kaka yake."

"Umeniona mara mbili?" Sauti ya Sindano ikashuka, na waliomfahamu wangejua kwamba ikishuka ni hatari kuliko ikipanda. "Ulikuwa wapi ukiniona? Unanichunguza?"

Mwanamume akaitazama tena bahasha chini ya kiganja chake.

"Kama kuna mwingine, niambie nijue."

"Kama huniamini, mlango si mwembamba."

Akatoka. Kwa siku sita simu haikulia, na Sindano hakuipiga. Alishona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja. Mama yake aliliona gauni lile, akalirudisha mezani polepole.

"Mwanangu, moto ukiuficha, moshi hauufichi."

"Mama, mimi sina moto."

"Basi gauni hili limeungua na nini?"

Siku ya mkutano, saa tisa alasiri, ukumbi wa shule ulifurika. Waliokosa viti walikaa madirishani. Sindano alivaa gauni jeusi la kola nyeupe, ambalo alilishona kwa misiba na mahojiano, akasimama mbele na bango pamoja na kinyozi. Meza kuu ilikuwa na vitambaa, chupa za maji na wakubwa watatu. Mwenyekiti akawatambulisha mmoja mmoja, na wa mwisho akaingia kwa mlango wa nyuma, faili mkononi.

"Na huyu ndiye mkaguzi wetu, aliyekaa katika tawi lenu wiki tatu na kuhesabu wateja."

Shati lile lile la samawati. Mkononi, pembeni mwa faili, kidude cha chuma cha kuhesabia watu kwa kubonyeza kitufe: kile alichokiita kalamu.

Ncha ya bango ikamponyoka Sindano. Kinyozi akaidaka. "Dada, si yule...?"

"Ndiye."

Bwana Hesabu alimwona. Hakukwepa macho yake, na Sindano angeona afadhali akwepe. Akasoma ripoti kwa sauti kavu: watu kadhaa kwa siku, wastani chini ya kiwango, tawi halistahili kuendelea. Ukumbi ukazomea. Mwenyekiti akagonga meza, akaruhusu maswali.

Sindano hakunyoosha mkono. Alisogea tu mpaka kwenye meza kuu.

"Mkaguzi," akasema, "mimi ulinihesabu?"

Waliokaa madirishani wakainama ndani wasikie.

"Siku ya kwanza, ndiyo," akajibu. "Ulifika dirishani."

"Na siku nyingine?"

"Niliagizwa kuhesabu wanaofika dirishani. Wanaofungua masanduku hawakuwemo katika maagizo."

"Kwa hiyo nilipita mbele yako, ukaniona mara mbili, na sikuwepo."

Sindano akageuka kuutazama ukumbi, akamtafuta mama yake katika safu ya tatu. Mama alijua kinachokuja. Alifumba macho, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Ndugu zangu," Sindano akasema, "tumewadanganya. Kaka yangu hayuko ng'ambo. Kaka yangu yuko gerezani. Lori alilokuwa akiendesha lilikatika breki, watu wawili wakafa, akafungwa miaka saba. Huko hakuna simu. Kuna karatasi moja kila wiki mbili, na karatasi hiyo inaishia kwenye kisanduku kile kidogo pale ukutani. Mama yangu magoti yamekwisha. Mkikihamisha mtamhamisha mtoto wake. Mniambie sasa, huyo naye mmemweka kwenye wastani gani?"

Mtu mmoja nyuma alikohoa. Halafu yule mama wa dawa za moyo akasimama. "Mimi pia nafungua sanduku," akasema. "Dirishani siendi." Kinyozi akasema, "Na mimi." Wakaanza kusimama mmoja mmoja, viti vikikwaruza sakafu, mpaka waliobaki wameketi walikuwa wa meza kuu tu.

Kisha mmoja wa meza kuu akasimama. Bwana Hesabu aliifunga ripoti yake.

"Mwenyekiti, hesabu hii nimeifanya mimi. Namba zake ni za kweli, ila swali lenyewe ni la uongo. Nilijua tangu wiki ya kwanza, nikanyamaza kwa kuwa sikuulizwa. Naomba iandikwe kwamba mkaguzi ameikana ripoti yake."

"Keti chini!" mwenyekiti akamnong'oneza, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi na ukumbi mzima ukasikia.

"Nimekaa wiki tatu," akasema Bwana Hesabu.

Nje, chini ya ngazi, alimkimbilia Sindano. "Nisikilize. Siku ile ya foleni sikujua wewe ni nani. Na nilipojua..."

"Ulipojua ulinishikia bango."

"Niliogopa kukupoteza."

"Na mimi niliogopa, nikadanganya. Lakini mimi nilimficha mtu wangu. Wewe ulijificha kwangu, ukanificha na mimi hesabuni." Akavuta mkono wake. "Leo umesema kweli, nashukuru. Usinipigie."

Uamuzi ulitoka baada ya siku kumi na saba. Tawi halikufungwa, ila lingefunguliwa siku mbili tu kwa wiki, na masanduku yakabaki ukutani. Mtaa ulisherehekea nusu ushindi kwa sauti ya ushindi mzima. Mama Stempu alikumbatia kila aliyempita, kisha akamvuta Sindano pembeni.

"Mkaguzi wako wamempeleka ghala la vifurushi. Anapanga mizigo. Wiki mbili zilizopita alikuja hapa na bahasha, akapanga foleni kama mtu yeyote."

"Hanihusu."

"Bahasha haikuwa yako, mwanangu. Ilikuwa ya gerezani."

Sindano alikwenda ghalani adhuhuri hiyo hiyo, utepe wa kupimia bado shingoni. Alimkuta katikati ya maboksi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Umemwandikia nini kaka yangu?"

"Nimemwomba ruhusa ya kumtembelea. Amenijibu." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ulinikataza kukupigia simu. Yeye hukunikataza kumwandikia."

"Amesema nini?"

"Niende nawe, au nisiende kabisa."

Alitaka kucheka, akajizuia. Alitaka kulia, akajizuia pia. "Una shati safi?"

"Moja."

"Jumamosi, stendi, saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa naondoka."

Hakuchelewa. Njia nzima, mwendo wa saa tano, hawakusema mengi. Sindano alikaa dirishani, kikapu cha mama yake mapajani, na kila basi lilipoyumba bega lake liligusa bega la Bwana Hesabu, asiliondoe, asiliegemeze. Hakuwa amesamehe bado. Alikuwa anapima.

Chumba cha wageni kilikuwa na meza ndefu iliyokatwa katikati kwa wavu. Kaka yake alikuja amekonda, kichwa kimenyolewa, tabasamu ni lile lile. Walishikana vidole kupitia matundu. Kisha kaka akamgeukia mgeni, akamtazama mpaka askari mlangoni akaanza kutazama saa.

"Wewe ndiye uliyetaka kuninyima barua?"

"Ndiye mimi, shemeji... samahani, kaka."

"Shemeji umeitoa wapi? Sijakupa." Kaka hakucheka. "Na sasa unataka kuninyima dada."

"Sikuja kukunyima. Nimekuja kuomba. Baba yenu hayupo, nimeambiwa mkubwa ni wewe. Namuomba dada yako."

Sindano akageuka kwa nguvu mpaka benchi likalia. Neno hilo hakulijua, wala kwenye basi hakulisikia.

"Mtu aliyemdanganya wiki zote zile," kaka akasema.

"Ndiyo."

"Kazi yenyewe sasa ni kubeba maboksi."

"Ndiyo."

"Huna la kujitetea?"

"Sina. Nimekuja na ukweli tu, na nauli ya kurudi."

Kaka akauinamia wavu, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi bado nina miaka mitatu humu. Sitaki mningoje. Msianze uchumba wa kumsubiri mfungwa. Mkiamua, oaneni, halafu mniandikie. Lakini mniandikie vizuri. Nani alivaa nini, nani alicheza vibaya, mama alilia saa ngapi. Msiache mtu." Akamgeukia dada yake. "Ila aliyeombwa si mimi, ni wewe. Na wewe tangu uingie umenyamaza. Sijawahi kukuona hivyo tangu uzaliwe."

"Dakika moja," askari akasema.

Sindano alimtazama mwanamume aliyekaa pembeni yake: nyusi bado na chembe za vumbi la ghala ambazo maji ya asubuhi hayakuzitoa, mikono imelala juu ya meza, wazi, haina kitu. Hakuwa akimbembeleza. Alikuwa akingoja tu, kama watu wanavyongoja mbele ya dirisha ambalo halijafunguliwa.

"Kaka," Sindano akasema, akishika wavu kwa mikono yote miwili, "mwambie nimekubali. Mimi mwenyewe bado sijataka kuzungumza naye."

Kaka akaangua kicheko mpaka askari akasogea. "Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia," Bwana Hesabu akasema, na sauti ikamkatika hapo hapo.