Suruali Ndani ya Ndoo

Asubuhi hiyo Bibi alifua mapema. Mwanawe, fundi rangi, alikuwa uani akikoroga rangi. Mjukuu akatoka bafuni na taulo kiunoni.

"Bibi, suruali yangu iko wapi?"

"Kwenye ndoo, mume wangu. Inaoga."

"Na ile nyingine?"

"Imemsindikiza mwenzake."

"Na dumu langu la petroli?"

"Nimelikalia."

Kijana akapandisha sauti. "Bibi, leo chama chetu kinamfukuza yule kinyozi mgeni! Kibanda tunakichoma! Wageni wametumalizia kazi!"

Nje mluzi ulilia. "Kamanda! Tukutane hukohuko, usisahau petroli!"

Baba yake akasimama, brashi mkononi. "Nani kakufundisha upuuzi huu?"

"Wewe, baba! Kila tukila unasema wageni ni kupe. Mimi natenda unayosema."

Rangi ilidondoka kwenye kiatu cha baba. Hakuifuta.

Jirani yao, mshauri wa vijana, alisikia kelele akaingia. Hakumfokea kijana.

"Mdogo wangu, chamani wanakupa nini?"

Kijana akainamisha kichwa. "Wananiita Kamanda. Hapa naitwa Mla Bure."

Mshauri akawageukia wakubwa. "Mmesikia? Hana kazi, anadharauliwa, na mezani analishwa chuki. Wale wa chamani hawakulima. Wamekuta shamba tayari, wakapanda. Msikilizeni. Mpeni la kufanya. Na ndimi zenu mzichunge. Lakini sasa kinyozi yuko hatarini. Mimi nawapigia polisi. Nani atakwenda kumwambia?"

"Mimi," baba akasema, na brashi akaitupa.

Kijana akaikamua suruali, akaivaa mbichi, akamfuata.

Vijana walipofika na fimbo, walimkuta fundi rangi kwenye kiti cha kinyozi, povu kidevuni. Kamanda alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika miguuni.

"Petroli iko wapi? Toka hapo!"

"Sitoki. Baba ananyolewa."

Fimbo zikainuliwa. Kamanda akafumba macho, lakini hakusogea. King'ora kikasikika. Wa nyuma wakaanza kuondoka, halafu wote.

Siku hizi kijana anapaka rangi na baba yake. Mla Bure hatajwi tena. Ila ulimi hauna mfupa. Jioni nyingine baba huanza, "Hawa wageni..."

Mwanawe huuliza, "Wamefanya nini, baba?"

Bibi huitazama ndoo, kisha huitazama suruali ya baba.

Baba humeza neno pamoja na tonge.